Wageni Saba wa Mzee Mendel

Tangu nirudi sijamaliza kikombe cha chai ofisini bila kukatizwa. Mwalimu Respicius ananiuliza habari za theluji, ambayo sikuiona. Mwalimu Jeneroza anataka kujua kama ni kweli kule mbwa wanalala kitandani, na hilo nitalikwepa. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, anayetaka asome, ili turudi kwenye kusahihisha madaftari. Mambo ya pasipoti na viza nimeyaruka. Aliyewahi kuyahangaikia anayajua, na asiyewahi nisimharibie siku.

Aliyenipeleka ni dada yangu Adventina. Mnamkumbuka. Aliolewa na Bahati, yule kijana wa Bukavu aliyekuja Bukoba na gitaa begani, wakaishia Ubelgiji. Nilikuwa sijamwona miaka saba. Alinitumia tiketi na barua fupi: "Kaka, njoo ukae siku kumi. Nina kazi yako huku." Hakusema kazi gani, na mimi kwa majivuno yangu nikadhani ni ushauri.

Bukoba hadi Entebbe

Nilipata nafasi mbele kwenye lori la kahawa hadi mpakani. Kabla ya Kyaka tairi lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa bovu, kwa hiyo tukakaa kivulini saa nne tukila ndizi za kuchoma za mama mmoja aliyetuuzia huku akitucheka. Dereva alisema gari halijawahi kumfanyia hivyo. Mama akasema lilimfanyia hivyo wiki iliyopita, palepale.

Nilikuwa na zawadi moja tu ya maana: kopo kubwa la senene, wale panzi wa kwetu, waliokaangwa na mke wangu wakakauka vizuri. Pale mpakani, Mutukula, afisa wa forodha alilifungua, akachota kiganja kwa ajili ya uchunguzi, akatafuna, akatikisa kichwa kama hajaridhika, akachota kingine. Uchunguzi ulipofika kiganja cha nne nikamwambia ndege itaniacha. Nikafika Entebbe na robo tatu ya kopo.

Angani

Jirani yangu ndani ya ndege alikuwa padri Mbelgiji, mzee mwenye mikono ya mkulima. Alikuwa amekaa Kivu miaka arobaini, na sasa wakubwa wake walikuwa wamemwambia arudi nyumbani apumzike. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alinishika mkono asiuachie.

"Weye unaenda kwetu," akasema, "na miye natoka kwetu."

Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu, nami nikamwonea huruma kweli. Walipotuletea chakula alinionyesha namna ya kufungua kikopo cha maziwa mgando. "Uvute pole pole, mwalimu." Nilivuta kwa nguvu za Kihaya, kikamrukia yeye kifuani. Akajifuta akasema kwamba amebatizwa mara ya pili. Nilipomwambia naenda Brussels, mtaa wa Anderlecht, alinionya kuhusu mvua. "Ile mvua haina haya," akasema. "Inanyesha ata mbele ya askofu."

Vituo vyenye majina mawili

Adventina alikuwa ameniandikia: ukitoka uwanja wa ndege panda treni, kwenye mji kuna vituo vitatu vikubwa, mimi nitakuwa cha tatu. Ni maelekezo ambayo mtoto wa darasa la pili angeyafuata. Lakini kule kila kituo kina jina la Kifaransa na jina la Kiholanzi, na mtangazaji anayataja yote mawili. Mimi nikahesabu majina. Tulipofika kituo cha pili nilikuwa nimeshatimiza matatu na nimezidisha, nikashuka haraka na mizigo yangu, nikamshukuru kila aliyenipisha.

Nilisimama pale saa nzima nikitafuta uso wa dada yangu. Mwanamke mmoja mwenye kofia aliona ninavyogeukageuka, akasoma karatasi yangu, akanirudisha kwenye treni yeye mwenyewe na kumwambia kondakta kitu. Nadhani alimwambia nisiachwe nihesabu tena. Adventina alinikumbatia, kisha akanigombeza, kisha akanikumbatia tena. Bahati akachukua begi. "Beau-frère, karibu," akasema, yaani shemeji. "Tulifikiri walikurudisha Tanzania."

Paa

Dada yangu analea wazee majumbani kwao. Tangu Aprili alikuwa kwa Mzee Mendel, Myahudi wa miaka themanini na kitu, fundi mstaafu wa mikoba ya ngozi. Anaishi peke yake katika nyumba ya ghorofa ya chini, yenye ua mdogo nyuma, mtaa wa pili kutoka kwa Adventina. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Tukiwa bado mezani siku ile niliyofika, dada akanieleza kazi aliyoniitia.

Wayahudi wana Sikukuu ya Vibanda, ile ambayo sisi tukiifikia katika Mambo ya Walawi tunaipita mbio. Siku saba wanakula katika kibanda kilichofunikwa kwa matawi, kukumbuka miaka ya jangwani. Lakini ukoo wa Mendel, huko Poland walikotoka, walikuwa watu wa mafumbo ya dini na hadithi, na kwao kuna jambo zaidi. Kila jioni wanamwalika mgeni mtakatifu. Jioni ya kwanza Ibrahimu, kisha Isaka, Yakobo, Musa, Haruni na Yusufu, na jioni ya saba Daudi. Mgeni huyo anawekewa kiti chake. Ila haingii mahali ambapo hakuna mgeni aliye hai, mtu wa kutoka nje, wa kula fungu lake. Asipomkuta anasimama mlangoni, anageuka, anakwenda zake.

Mwaka uliopita hakuja mtu hata mmoja. Wenzake wa sinagogi wengine wameshazikwa, wengine wana vibanda vyao. Mzee alikaa jioni saba akitazamana na kiti. Wakati wa baridi akaanguka kwenye ngazi, na mwanawe wa pekee, Simon, anayeishi Berchem upande wa magharibi wa mji, akamtaka ahamie kwake. Wakabishana miezi. Mwishowe mzee akatoa sharti: angejenga kibanda mara moja tena. Ikipita jioni moja bila mgeni, atafunga mizigo. Wakija jioni zote saba, Simon asitaje tena habari ya kuhama.

"Ile nyumba ndiyo maisha yake," Adventina akaniambia. "Kila kikombe mle ndani kina habari za mkewe. Akitolewa atakufa, kaka. Kwa hiyo kesho jioni wewe ndiye mgeni wa kwanza. Lakini mchana utaezeka."

Mnajua baba yangu alikuwa nani. Msonge wa mwisho uliobaki kijijini kwetu aliuezeka yeye, na mimi ndiye niliyekuwa nikimrushia matita ya nyasi. Siku iliyofuata nilipoingia kwenye ule ua nikakuta milango minne ya zamani imesimamishwa kuwa kuta, na kando yake matete na matawi ya msonobari, nikavua koti. Mzee alikuwa ndani anaoga na kujiandaa, na sikukuu ingeingia jua likizama. Nilifunga matete kwa tabaka, kutoka chini kwenda juu, nikaupa mgongo mteremko, nikabana kila pengo. Nilikumbuka mvua ya padri. Nilipomaliza nikaomba ndoo ya maji, nikaimwaga yote juu. Halikudondoka tone ndani. Sijajivunia kitu hivyo tangu mtihani wa ualimu.

Mzee Mendel akatoka. Ni mtu mfupi, ndevu nyeupe, vidole vyeusi kwa rangi ya mikoba ambayo haijatoka hadi leo. Aliingia, akatazama juu muda mrefu. Akasema na Bahati kwa Kifaransa.

"Bon," Bahati akasema, akikwepa macho yangu. "Papa Mendel anasema hii paa njo muzuri kupita zote aliona mu maisha yake. Et alors, anasema haiwezi kutumika."

Kumbe paa la kibanda hicho linatakiwa litoe kivuli, lakini nyota zionekane na mvua iweze kupita. Lisilovuja ni nyumba, na nyumba wanayo tayari. Mimi nilikuwa nimewajengea msonge. Ilikuwa imebaki saa moja jua lizame, na likishazama hakuna kugusa kamba wala tawi. Basi nikapanda tena kubomoa kazi yangu kwa mikono yangu, huku Mzee Mendel akisimama chini akinyoosha kidole: hapo toa, hapo toa tena. Kusema kweli iliniuma. Yeye aliona, na kila tita nililomrushia alilipokea kwa mikono miwili na kuligeuza aone lilivyofungwa, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Tulimaliza dakika chache kabla ya Adventina kutuonyesha saa.

Kiti cha Ibrahimu

Mishumaa ikawashwa. Niliingia nimevaa tai. Nikaona kiti kimoja kizuri kuliko vyote, kina mto wa mahameli na kitambaa cheupe, kiko kitupu. Kwetu mgeni hupewa kiti kizuri, na mimi nilikuwa nimeambiwa ndiye mgeni. Nikakaa, nikavuta suruali vizuri magotini.

Adventina alishika kinywa.

"Beau-frère, simama," Bahati akaninong'oneza. "Hiyo kiti ni ya Abraham."

Niliruka nikagonga kichwa kwenye mti wa paa, na majani ya msonobari yakamwagika ndani ya supu. Mzee Mendel akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, akavua miwani, akaifuta, akacheka tena. Dada yangu alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Alipopata pumzi akasema kwamba Ibrahimu mwenyewe asingekasirika, maana alikuwa na desturi ya kukimbia nje kwenye jua kuwapokea wageni, na asingeweza kumwinua aliyekwisha kukaa. Kisha akaniweka kando ya kile kiti, akavunja mkate, akauchovya kwenye asali, akanipa.

Baada ya samaki akasimulia. Adventina alikuwa akipakua, kwa hiyo mkalimani alikuwa Bahati, na Bahati hajawahi kutafsiri kitu bila kukiongezea chumvi.

"Alisema kulikuwa tajiri moja, alijenga kibanda na mazulia, na kiti ya zaabu. Aliita Abraham: ingia. Abraham alifika ku mulango. Aliuliza, donc, ule muntu wa kula sehemu yangu iko wapi? Tajiri anasema, hapa ni batu ba heshima tu. Ile Mercedes yake ilikuwa inje, mu Bukavu batu bote baliijua..."

Mzee akainua kidole. Hajui Kiswahili, lakini Mercedes alilisikia. Bahati akakiri. Mzee akafikiri kidogo akasema Mercedes ibaki, inafaa. Na mwisho wake ni kwamba Ibrahimu aliondoka, akaenda kukaa barabarani na mbeba maji aliyekuwa akila kitunguu, na mpaka asubuhi kibanda kilikuwa pale barabarani, hata kama hakikuwa na ukuta wala tawi.

Kisha ikawa zamu yangu, kwani kwa ukoo huo mgeni naye hutoa hadithi. Niliwasimulia jinsi baba alivyoanguka kutoka juu ya msonge wa mganga na kutua juu ya mganga. Mzee aliomba irudiwe.

Siku ya pili mchana nilimletea kopo langu. Nilikuwa naogopa, maana nilikuwa nimeshaambiwa habari za jiko lake na sheria za dini yake: mwenyewe ndiye huwasha moto, Adventina hupika kwenye sufuria za mle ndani tu, na chakula cha nje hakiingii. Mzee alimchukua senene mmoja, akamsogeza karibu na miwani, akamkagua miguu. Akasema Maandiko yanaruhusu aina fulani za panzi, lakini mababu zake walisahau ni zipi, na tangu hapo hawali wowote. "Pengine huyu anaruhusiwa," akasema kupitia kwa Adventina. "Pengine tumekosa kitu kitamu miaka elfu mbili." Akamrudisha koponi kwa heshima. Harufu alikuwa ameinusa vya kutosha.

Jioni tano zilizofuata

Kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi yao, nilimkuta kibandani amesimama na kuti changa la mtende, vijitawi vya aina mbili, na tunda la manjano lililofanana na limau lakini lenye harufu nzuri mno. Anavishika pamoja, anavitikisa pande nne za dunia, kisha juu, kisha chini. Mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi. Sikuelewa maneno. Nilielewa kwamba mtu yule alikuwa anafurahi.

Jioni ya pili mgeni alikuwa Adventina, naye alikalishwa akahudumiwa na mzee mwenyewe, jambo lililomtoa machozi. Ya tatu akawa Bahati, aliyekaa kama waziri. Ya nne tukamleta Maman Feza, anayeuza samaki wa chumvi na ndizi kule mtaa wa Ixelles, mlokole wa Goma mwenye sauti ya kupasua kioo. Ilikuwa jioni ya Musa.

"Papa Mendel," akasema, "Musa namujua sana. Juzi tulikuwa naye mu maombi."

Mzee akamuuliza, kwa makini kabisa, kama Musa bado ana kigugumizi. Maman Feza akajibu kwamba mbele ya Mungu kilimutoka. Akaimba, na ua mzima ukatetemeka.

Jioni ya tano ikanyesha ile mvua isiyo na haya. Sheria yao inamruhusu mtu aingie ndani, lakini mgeni wa ndani ya nyumba hahesabiwi, na mzee alibaki dirishani akitazama kiti cha Haruni kikilowa. Adventina alikuwa akihesabu dakika kwa midomo. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa bibi Mbelgiji wa ghorofa ya juu, aliyekuja kulalamika juu ya kuimba kwa jana. Kabla hajamaliza lalamiko la kwanza mvua ikakatika, Mzee Mendel akamshika kiwiko, na sote tukakimbia uani na sahani. Bibi yule alikunywa supu amesimama, kisha amekaa, kisha akasimulia habari za marehemu mumewe na njiwa wake. Miaka kumi na moja walikuwa wakigongeana sakafu na dari. Jioni ya sita akashuka bila kuitwa, na keki ambayo hatukuruhusiwa kuila, tukaiweka dirishani tuitazame.

Zikawa jioni sita. Nyumba ilikuwa inanukia iliki na samaki, na mzee alikuwa ameanza kuongea na vikombe vyake.

Berchem

Jioni ya saba ilikuwa jioni yangu tena, maana kesho yake nilikuwa nasafiri. Nilikuwa nimepika matoke katika sufuria ya mzee, ndizi za Ixelles, na yeye ndiye aliyewasha moto. Jua lilikuwa linakaribia kuzama tuliposikia gari. Adventina akasema, "Simon."

Ni mtu mrefu, umri wangu, mwalimu wa hisabati. Alisimama kwenye mwanya wa mlango wa kibanda bila kuingia, kofia anaizungusha mkononi. Nilidhani amekuja kukagua, nikamchukia papo hapo. Akaanza kusema na baba yake, na Bahati akanitafsiria taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

"Papa, mwaka huu nami nilijenga. Kwa roshani yangu."

Mzee akamtazama. "Juu yako kuna nani?"

"Hakuna. Ni ghorofa ya mwisho, juu ni mbingu tu."

"Umefunika na nini?"

"Msonobari. Nyota zinaonekana, kama zipo."

"Na wageni?"

Simon akaizungusha tena kofia. "Jioni sita hakuna aliyekuja. Sikujua namna ya kuwaomba. Na majirani tunasalimiana ndani ya lifti tu."

Sote tulikuwa tunajua hesabu. Mzee akiondoka pale, kibanda chake kitabaki kitupu jioni ya saba, na sharti alilitoa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Nilitamani kumwambia akae, ni saa chache tu. Nadhani nilifungua mdomo, kwa sababu Adventina alinikanyaga.

Mzee Mendel alikigusa kiti cha Daudi, akanyanyuka.

"Mtoto wangu amekaa jioni sita peke yake," akasema. "Adventina, lete sufuria. Daudi anaijua njia ya Berchem."

Lifti ya Simon haikutuchukua wote, tukapanda kwa mafungu mawili. Kibanda chake kilikuwa kimepinda, kimefungwa kwa kamba za kuanikia nguo, na baba yangu angekicheka. Mezani palikuwa na sahani mbili. Sahani ya pili ilikuwa safi, na nikaelewa kwamba ilikuwa imewekwa hivyo jioni zote sita. Simon akatoa karatasi, akawaita wageni watakatifu kwa majina, mmoja mmoja, akisitasita, na baba yake hakumsahihisha. Mzee alisubiri kuonyeshwa pa kukaa. Akaonyeshwa, akakaa.

Alikula matoke akaomba tena. Alipotakiwa hadithi, alisimulia habari za mkewe, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, alivyounguza samaki wa sikukuu akalia, na yeye akamla yote akisema ndivyo mama yake alivyopika, na akalazimika kumla hivyo miaka hamsini. Simon alikuwa hajawahi kuisikia. Alicheka na kulia kwa pamoja, Bahati naye, kwa hiyo mwisho wa hadithi sikutafsiriwa, na sikuhitaji.

Kisha mzee akajifuta mdomo, akakunja kitambaa.

"Leo kibanda changu kimekaa kitupu," akasema. "Neno ni neno. Wiki ijayo nitafunga mizigo."

Simon alikuwa anakusanya sahani. Hakugeuka.

"Papa, leo umekuwa mgeni wangu," akasema. "Mgeni anakula, anasimulia, halafu anarudishwa kwake." Akafuta mikono, akachukua funguo za gari.

Tulirudi Anderlecht watano, mimi nyuma na sufuria magotini. Mzee Mendel alikaa mbele, na njia nzima alikuwa akimwelekeza Simon pa kukata kona, na Simon, anayeijua njia ile tangu utoto, alikata kila alipoambiwa.